Posa ya Mpigaji

Thamesmead, London
9 Machi 2025

Shangazi yangu Bi Faridah,

Nakushika mikono yote miwili, na huo wa kushoto ulioteguka ulipoanguka bafuni naushika polepole. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina habari kuwa Machi imeingia. Mwezi Mtukufu umenikuta kwenye zamu za jioni kule nyumba ya wazee, ninakowalisha na kuwaogesha shangazi za watu. Yuko bibi mmoja wa miaka tisini na mmoja ambaye kila nikitoa tende yangu hunyoosha mkono. Basi tunafuturu pamoja, ingawa yeye ameshinda akila.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Wewe ndiye uliyewaozesha nusu ya wasichana wa Kuze, na sijasikia posa uliyoisimamia ikarudi mikono mitupu. Nifundishe jinsi inavyopelekwa: nani huenda, husema nini kwanza, na kilemba na mkaja hutolewa wakati gani.

Usipige vigelegele. Anayeposwa ni mwanamume, ana kilo mia na kumi, na tunamposa sisi watu kumi na wawili.

Nikueleze. Unajua kwamba mimi ni katibu wa chama cha watu wa Afrika Mashariki hapa Thamesmead. Miaka mitatu iliyopita tuliomba msaada kwa shirika moja la hisani tuanzishe timu ya kandanda. Wakajibu kuwa fungu la kandanda limekwisha, limebaki la besiboli. Mwenyekiti wetu Sadrudin, mzaliwa wa Makadara ambaye sasa ana duka la viungo Southall, hakupoteza hata dakika moja. Aliandika kwamba besiboli ni mchezo wa mababu zetu. Tukaletewa magongo, mipira na kofia za kukinga kichwa, ndipo tukakusanyika kwenye simu ya Imran kutazama mchezo wa mababu zetu unachezwaje. Imran ndiye mrushaji wetu. Alikuwa mcheza kriketi, na mpaka leo hurusha mpira kama mtu aliyekatazwa kukunja kiwiko.

Ni ndugu wa ule mchezo mliocheza shuleni mkauita raundasi. Mtu hupiga mpira kwa gongo, huzunguka vituo vinne mbio, na akirudi alipoanzia ni pointi moja. Wapigaji hupangwa kwa zamu, na wa nne ndiye tegemeo. Katika timu yetu, Vifaru wa Thamesmead, mpigaji wa nne ni mimi.

Hatujashinda. Sisemi mwaka huu, nasema tangu tuanze. Na huko Walthamstow yuko Mkongo mmoja, Nathanaël, mzaliwa wa Lubumbashi, mpakiaji wa mizigo, ambaye mwaka jana alipiga mpira wetu ukavuka uzio, ukavuka barabara, ukaingia ndani ya basi lililokuwa limefungua mlango. Tangu siku ile Sadrudin hana raha. Anataka tumchukue kwa gharama yoyote, na gharama yoyote maana yake ni pauni elfu tatu na ushei, yaani fedha zote tulizochuma kwa kuuza sahani za biriani misimu miwili. Ligi yetu inakataza kumlipa mchezaji. Lakini haikatazi, asema Sadrudin, kuwashukuru waliomzaa na kumlea. Ndiyo maana tunakwenda na posa.

Mimi kama katibu sina upande. Nijibu upesi, msimu unaanza Mei.

Mwanao,
Msabaha


Kuze, Mombasa
5 Aprili 2025

Msabaha mwanangu,

Marahaba, na mikono nimekupa. Idi ilikuwa njema, mahamri yalitosha walioalikwa na wasioalikwa. Mkono wangu sasa unakunjika. Paa la chumba chako cha juu nimeliziba, masika yakija hayatalowesha kitanda ambacho hukukilalia tangu mwaka elfu mbili na kumi na nane.

Barua yako niliifungua mbele ya watu, na kosa ni langu. Nilipofika pale pa posa, jirani akatoa kigelegele cha kwanza. Nilipofika kwenye kilo mia na kumi ilibidi nimtafutie maji. Una miaka arubaini na minne, Msabaha. Posa ya kwanza kuniletea, unamposa mpakiaji wa mizigo.

Haya, umeuliza, nakujibu. Peleka mtu mmoja asemaye na mmoja anyamazaye. Andikeni tangu mwanzo nani atarudisha nini mkiachana, kwa kuwa siku ya kuachana kila mtu hukumbuka lake. Na kabla ya yote hayo, mwulizeni mwenyewe. Mwari huulizwa, sembuse mtu mzima.

Ila na mimi nina swali. Nyinyi mnadaka kwa nini? Sisi tulidaka raundasi kwa mikono mitupu, nami nilikuwa mdakaji, vidole vyangu viwili hadi leo havinyooki. Naona kwenye televisheni watu wa besiboli huvaa glavu. Mnazo ngapi? Sikumbuki hata siku moja tuliyofungwa kwa kukosa mpigaji. Tulifungwa kwa kudondosha. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe cha Mkongo.

Sasa langu. Sikutaka kulisema kwa simu kwa sababu simu yangu husikilizwa na nyumba nzima, na kwa sababu Kadhi anataka karatasi.

Nimeposwa. Ni Bwana Shee, utamkumbuka, yule aliyekuwa akija kusoma mita ya maji miaka ishirini. Amestaafu, na mkewe alitangulia mbele ya haki miaka mitano sasa. Ametuma wazee wawili, wakaketi, wakasema yao kwa adabu. Nina miaka sitini na mitatu, nimeulizwa mwenyewe, na nimekubali.

Baba yangu hayupo, na ndugu yangu wa pekee alikuwa baba yako. Kwa hiyo walii wangu ni wewe, ndiye mwenye kuniozesha. Nataka karatasi yenye sahihi yako na mashahidi wawili, kwamba umempa Kadhi uwakala anifungishe ndoa kwa niaba yako. Wazee wanangoja jibu kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu.

Shangazi yako,
Faridah


Thamesmead
27 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na saba. Nimefurahi mkono umepona. Huku jua limetoka siku moja, watu wakavua makoti, siku ya pili wakayatafuta tena. Bibi wangu wa tende anauliza Ramadhani nyingine ni lini.

Posa tumeipeleka. Tulikwenda Walthamstow Jumamosi, tukashuka mwisho wa reli, tukapita katikati ya lile soko refu, Sadrudin akisimama kila meza kuuliza bei ya bamia na kusikitika. Ushauri wako wa msemaji na mnyamavu tuliuheshimu sana, ila Sadrudin alikataa kuwa wa pili, na mimi nilikuwa nimeshaandika hotuba.

Nathanaël anakaa kwa dada yake mkubwa, Miradie, muuguzi, juu ya duka la kusuka nywele. Nilipoanza kusema tumeona ua katika bustani yenu, Miradie aliinua mkono nikanyamaza. Akafungua droo, akatoa orodha iliyopigwa chapa. Kumbe kwao mambo haya huandikwa kabisa: suti ya baba, vitenge vya mama doti sita, viatu vya mjomba, kreti za soda, na chini kabisa, kwa kalamu ya mkono, kitanda kipya cha Nathanaël kwa kuwa cha zamani amekivunja. Sadrudin akajaribu kupunguza. Miradie akamwambia, bila kukasirika, "Papa, iko wengine wanamutaka." Sadrudin akalipa, yaani tulilipa. Fedha za biriani zilitosha vyote isipokuwa viatu vya mjomba, na viatu akavitoa Sadrudin mfukoni mwake, jambo ambalo amelitaja kila siku tangu hapo.

Nathanaël mwenyewe alikuwa jikoni akikaanga ndizi. Alituletea sahani, akaturudia na chumvi, akaondoka. Kumwuliza hatukumwuliza. Nafasi haikupatikana.

Ulitaka kujua glavu. Tunazo tano. Uwanjani husimama watu tisa, kwa hiyo nne tunaazima kwa timu tunayocheza nayo, nao hutupa zile zilizotoka nyuzi. Ilitolewa hoja kikaoni kwamba tununue nne kwanza, ndipo tuende na posa. Sadrudin akasema glavu haimtii mtu hofu. Hoja ilianguka kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Hiyo moja ilikuwa ya nani sisemi, kikao ni siri.

Zamu ya nne nimempa Nathanaël kwa hiari yangu. Mwenyekiti alitangaza kwamba nimeitoa, nami nilipofikiri nikaona ni kweli.

Lile jambo lako la Bwana Shee ni zito na linataka utulivu. Msimu ukishatulia nitakaa nilitafakari.

Mwanao,
Msabaha


Kuze
19 Mei 2025

Msabaha mwanangu,

Tu wazima. Mvua imenyesha, paa la chumba chako halikuvuja.

Bahasha yako ilikuwa nzito, nikadhani karatasi imo. Nimeikung'uta mara mbili. Nimekuta vitenge doti sita na viatu vya mjomba. Hivi mjomba wa Mkongo anajua kwamba viatu vyake vimejibiwa upesi kuliko mimi?

Nilikwenda kwa Kadhi kumwomba subira. Ni kijana mwenye adabu. Akanieleza kwamba kwa kuwa walii wangu yuko nchi ya mbali, sheria inamruhusu yeye kusimama mahali pako bila karatasi yoyote, akaniuliza nataka lini. Nimemkatalia. Sitaki kuozwa na ofisi na hali nina mwana niliyemlea tangu ana miaka sita. Nataka neno litoke kwako. Nimelisema sasa wazi ili usije ukaniambia hukujua.

Idi imebaki wiki mbili na ushei.

Kuhusu timu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuhusu mimi sina methali. Ukimpa mtu nafasi yako ya nne, wewe unapiga wa ngapi? Hukusema.

Shangazi yako,
Faridah


Thamesmead
22 Juni 2025

Shangazi yangu,

Idi mubarak, najua imepita. Shikamoo. Zamu kazini zilikuwa nyingi, na bibi wa tende alilazwa siku nne, amerudi.

Msimu umeanza. Siku ya kwanza walikuja watu wengi kumtazama Nathanaël, hata wale ambao hawajawahi kutoka nje ya majengo yao isipokuwa kwenda kazini. Uwanja wetu uko kando ya ziwa. Nathanaël alipiga mara nne, na mara nne mpira ukaenda ziwani. Sadrudin alikumbatia watu asiowajua. Lakini habari za posa zilikuwa zimezunguka ligi nzima, watu wa Walthamstow wamewaambia rafiki zao, na sasa hakuna timu inayotuazima glavu. Wanne wetu walidaka kwa kofia na kwa kifua. Tulifungwa kumi na tisa kwa nne.

Mchezo wa pili ndio uliouma. Katika ligi yetu mwenyeji ndiye mwenye kuleta mipira, na mwenyeji akiishiwa na mipira huhesabiwa ameshindwa. Tulikuwa na mipira minane. Imran alirusha siku ile kama aliyezaliwa upya, na Nathanaël akapiga, akapiga, tukafika tisa kwa nane. Tulikuwa mbele, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu mababu zetu wabuni mchezo huu. Nathanaël akaja tena. Mpira ule ulipaa mpaka nikaona huruma, ukatua katikati ya ziwa, bata wakahama. Uwanja mzima ukasimama kushangilia. Mwamuzi akangoja watu wamalize, kisha akanyoosha mkono kumwomba Sadrudin mpira mwingine. Ulikuwa wa nane. Tukaandikiwa tumeshindwa.

Mimi sasa nashika daftari la pointi. Ni kazi inayotaka mtu mwaminifu.

Nina swali moja dogo. Huyo Bwana Shee ana nyumba yake, au atahamia kwako? Na akihamia, vitu vyake ataviweka chumba gani?

Mwanao,
Msabaha


Kuze
8 Julai 2025

Msabaha,

Sisi wazima.

Anakaa nyumba ya kupanga, kwa hiyo atahamia kwangu. Ana sanduku moja, redio na paka. Chumba chako hakihitajiki na mtu, hata na wewe hukukihitaji miaka saba hii.

Sasa nimejua unachoogopa, na nimekasirika kwa kuwa ungeweza kuniuliza. Idi ilipopita Bwana Shee alikuja mwenyewe. Nikamwandalia chai. Akasema atangoja mpaka mwezi wa Maulidi uandame, akamaliza chai, akaenda zake akifunga lango polepole, kama alivyokuwa akilifunga akija kusoma mita. Wengine walikuwa wakilibamiza.

Maulidi ikiandama bila neno, sitakwenda kwa Kadhi wala kwa mtu mwingine. Nitamrudishia wazee wake.

Sikuandikii tena mpaka nione karatasi.

Faridah


Thamesmead
3 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Karatasi imo. Iko nyuma ya barua hii, usiikung'ute bahasha. Sasa naomba unisomee na haya.

Baada ya ule mchezo wa bata, Sadrudin alifikiri sana, akaja na dawa: Nathanaël akae benchi ili mipira isiishe. Kwa hiyo mtu tuliyemposa kwa fedha zote za chama alikaa nasi pembeni michezo mitatu, kazi yake ikiwa kutopiga. Tulifungwa yote mitatu, na mipira minane mipya tukarudi nayo yote. Sadrudin akasema hayo ni maendeleo.

Mchezo wa nne Miradie alikuja na sare yake ya kazi, akatazama, akauliza. Alipoelezwa akasema basi ndugu yake anarudi Walthamstow. Sadrudin akadai mahari irudi. Alikuwa ameokota kwangu, nami niliokota kwako, kwamba mke akitaka mwenyewe kuachana hurudisha alichopewa. Miradie akamwuliza ni nani aliyemweka Nathanaël benchi. Sadrudin akasema ni yeye. "Basi mulimuacha nyinyi," Miradie akasema, na mtu mwenye kuacha harudishiwi kitu, kwao na kwenu na kila mahali. Hatukuwa tumeandika. Ulituambia tuandike.

Lakini si hilo lililonikalisha usiku. Siku hiyohiyo, kabla Miradie hajafika, Nathanaël aliona barua yako ndani ya daftari la pointi, naitumia kuwekea alama ukurasa. Akaniuliza ni ya nani. Nikamweleza yote, kama mtu anavyomweleza abiria mwenzake. Akasema, "Mama anakuomba neno moya tu, na weye unamunyima. Miye walitoa feza yote, na hawakuniuliza hata neno moya."

Kisha akaniambia kwamba yeye kupiga hakumpendezi sana. Anapenda kudaka. Walthamstow alikuwa mdakaji, na hupiga tu zamu yake ikifika, basi hupiga kwa nguvu ili arudi upesi kwenye kudaka. Miezi mitatu tumekuwa naye, Shangazi, na hakuna aliyejua, kwa kuwa swali lako la kwanza tuliliruka.

Nitasema wazi sasa. Niliogopa. Kila nikisubiri basi baada ya kazi, nyumba ya Kuze huwa ipo kama nilivyoiacha, nawe umeketi peke yako unaningoja mimi. Nilitaka ukae hivyohivyo mpaka nirudi, na nitarudi lini sijui. Mimi ndiye ninayewavua viatu wazee wa watu jioni. Najua mtu anavyokuwa akikaa peke yake saa hizo, anavyouliza saa ngapi mara tatu. Nilikuwa radhi uwe hivyo wewe, ili kitanda nisichokilalia kisisogezwe. Na nilipoondolewa zamu ya nne niliona nimebakiwa na nafasi moja tu duniani, nikaishika kwa meno. Nimeona haya. Nisamehe, mama.

Bwana Shee mpe salamu zangu. Mimi pia nakumbuka alivyokuwa akifunga lango.

Mwanao,
Msabaha

(nyuma)

Mimi, Msabaha bin Lali bin Mwinyi, nikiwa na akili timamu, walii wa shangazi yangu Faridah binti Mwinyi, ndugu wa baba yangu, nampa Kadhi wa Mombasa uwakala amwozeshe kwa Bwana Shee, kwa mahari atakayoitaja mwenyewe Bi Faridah, nami niko radhi. Mashahidi wa sahihi hii ni Imran, mrushaji, na imamu wa msikiti wetu. Karatasi ni ya daftari la pointi, ndiyo iliyokuwa karibu.


Kuze
14 Septemba 2025

Msabaha mwanangu,

Marahaba. Nimekusamehe, lakini sikukusamehe siku ileile. Nilingoja mpaka jioni.

Barua ilifika Jumatano, Ijumaa nikaozwa, Maulidi bado siku chache kuandama. Kadhi aliisoma karatasi yako kwa sauti, akafika kwa Imran mrushaji, akasita, akauliza anarusha nini. Nikamwambia aendelee. Halafu akaigeuza ubavu, maana pembeni ulikuwa hukufuta vizuri, akasoma Vifaru tisa, wageni nane, akaniuliza kama hayo ni masharti ya ndoa. Wazee wa Bwana Shee walikohoa. Mimi nililia kidogo, si kwa pointi, ni pale uliposema uko radhi.

Ikaja mahari. Kadhi akauliza naitaka nini. Nikasema nataka glavu nne za besiboli. Kadhi akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nimeelewa swali.

Bwana Shee hakushtuka. Nilikuwa nimemwambia tangu Mei, nilipojua mnazo tano, nikamtuma sokoni Kongowea, maana marobota ya mitumba yanayotoka huko kwenu huja na kila kitu ambacho hamkijui kazi yake. Kila siku ya kufungua robota alikuwa wa kwanza kufika. Mbili alizipata kwa mama mmoja aliyekuwa akiziuza za kuepulia sufuria jikoni. Moja ilikuwa imejazwa vitunguu saumu. Ya nne aliipata wiki ile ulipokuwa umenyamaza, mimi nimeshakata tamaa, nikamwambia aache. Akasema glavu ni glavu, ataiweka.

Mahari ni mali yangu, na mwenye mali hupeleka anakotaka. Amezishona nyuzi mwenyewe, na jirani anayekuja huko kumwona binti yake amekubali kuzibeba pamoja na barua hii. Moja huvaliwa mkono wa kulia, mtafutieni mwenye shoto. Moja ni yako. Daftari la pointi mpe Sadrudin, mwambie ni kazi inayotaka mtu mwaminifu. Na kama yule Nathanaël angependa kuja kudaka kwenu, msimpe mtu suti wala vitenge. Mwulizeni.

Chumba chako cha juu hatukukigusa. Kitanda kipo palepale, paka wa Bwana Shee ndiye anayekilalia, nimeshindwa kumwondoa. Njoo umwondoe wewe. Mlango ni uleule na ufunguo uko mahali pake. Ila sasa ukija, mwanangu, bisha hodi.

Shangazi yako,
Faridah